Mkono Uliompaka Mwanaidi

Mwanangu Zuhura,

Shikamoo yako na marahaba yangu tutapeana kesho stendi mbele za watu. Humu sina salamu. Nimekaa uani tangu alasiri na daftari lako la shule lililobaki kurasa, naandika kwa mkono wa kushoto, na mwandiko wenyewe unauona ulivyo. Usinicheke. Ukishindwa kusoma mahali, ruka, utarudi baadaye.

Jana nilikupiga. Nilikupiga usoni kwa mkono wangu huu mbovu, mbele ya shoga zako, damu ikakutoka puani, na sikukwambia kwa nini. Ulikuwa umefungua mfuko uliopewa na watu wa gari la matangazo. Ukatoa fulana, ukatoa kofia, ukatoa vikopo vitatu vya krimu ya kung'arisha uso. Ukasema, "Mama, kesho kutwa nitawaambia wanawake wa kusini kwamba mimi mwenyewe natumia hii." Nikakuuliza umeipaka lini. Ukacheka, ukasema, "Sijaipaka, Mama, ni maneno ya tangazo tu." Hapo ndipo mkono ulipotoka.

Ulilala hukula, na mimi sikula. Unanijua, si mtu wa kubembeleza. Nimekukosea, nisamehe. Ya kutunza nauli, ya kula vya njiani, ya wanaume wa kwenye magari, hayo shangazi yako kakujaza masikio wiki nzima, siyarudii. Nina jambo moja tu la kukwambia, nalo linaanzia kwenye mkono huu.

Mkono wangu haukuliwa na mamba.

Najua umekua ukiambiwa hivyo. Uliwasimulia watoto wenzako shuleni, ukawaonyesha kwa vidole vyako meno yalivyopita. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akikusikia anatoka nje. Tulikudanganya kwa sababu niliapa mbele ya balozi wetu wa nyumba kumi kwamba habari hii haitatoka mdomoni mwangu. Sasa haitoki mdomoni, inatoka kwenye kalamu. Kama Mwenyezi Mungu ataona nimefanya ujanja, tutaongea naye huko huko.

Ulikuwa hujaanza shule. Tulikaa Mbuchi, baba yako akilima mpunga, mimi ni kungwi. Hilo nalo hukulijua sawasawa. Ulisikia kwamba zamani nilikuwa naimba kwenye unyago, basi. Sikuwa naimba tu. Nilirithi kazi kwa mama yangu, na toka Mbuchi mpaka vijiji vya ng'ambo ya mto hapakuwa na mwali aliyewekwa ndani bila mtu kuja kuniita. Ya ndani siyaandiki, unayajua, nawe ulichezwa. Nitasema la kila mtu: mwali akimwita kungwi wake "somo", amekwisha kumkabidhi mwili wake. Somo akisema kunywa, anakunywa. Akisema vumilia, anavumilia. Haulizi ndani mna nini.

Zikaja zile enzi za ruksa. Wewe umekuta maduka yamejaa, huwezi kujua. Sisi tulikuwa tumefua kwa majani ya mpapai, tumepanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni, tukaambiwa imekwisha. Halafu ghafla wanunuzi wa kamba wa baharini wakaanza kuingia na maboti, na kila boti likileta kitu: mitumba, manukato, sabuni za rangi tatu. Humo kwenye boti akashuka bwana mmoja wa mjini, viatu vyeupe kwenye tope letu. Kila akifungua begi anasema "hii sampuli tu, dada, sampuli", basi tukamwita Bwana Sampuli. Alikuwa na krimu ya uso, na hakuna aliyeinunua. Wanawake waliifungua, wakainusa, wakamrudishia.

Akaulizia ni nani wanawake wa huku wanamsikiliza. Wakamleta kwangu.

Nakumbuka alikaa kwenye kigoda pale jikoni, magoti yamemfika kidevuni. Akaniambia, "Bi mkubwa, mimi nikisema wataniona mchuuzi. Wewe ukisema, ni mafunzo." Akanipa doti mbili za khanga na redio ya kaseti. Akasema tena, "Ila usiwaambie nimekupa chochote. Watadhani umenunuliwa." Nikacheka, maana nilimwona anasema kama mpumbavu. Nilikuwa nimenunuliwa pale pale, na redio ikilia.

Zuhura, hebu jiulize walikuchagua kwa nini. Wasichana kumi na wangapi walikuja kujaribiwa hapa Kibiti, wapo wenye sauti kukushinda, yupo yule anayecheza mpaka wazee wanasahau swala. Wakakuuliza kama unajua Kimatumbi. Ukawasalimia kwa maneno ya bibi yako mzaa baba, wakatazamana. Sasa daraja la Ndundu limefunguliwa, gari linavuka bila kungoja kivuko, wanataka kwenda vijiji vya kusini ambako mtu wa mjini akishika kipaza sauti, wanawake wanafunga milango. Ukisema wewe kwa lugha ya bibi yako watatoka, kwa sababu watadhani ni mtoto wao kaja kuwaambia jambo la heri.

Na weupe wako. Huo umeutoa kwa bibi yako yule yule, umezaliwa nao. Wao watakusimamisha juu ya gari, watainua kikopo, na hawatakuwa na haja hata ya kusema uongo wote. Watu watajimalizia wenyewe.

Hilo nalijua kwa sababu ndilo nililolifanya. Mwali akikaa ndani miezi, jua halimgusi, na kila siku anasuguliwa liwa na mafuta ya nazi. Akitolewa nje anang'aa, kila mtu anajua ni kivuli kile. Mwali wangu wa kwanza baada ya redio ile sikumpaka krimu hata chembe. Niliogopa, nisiyoijua nitaipakaje kwenye uso wa mtoto wa mtu? Lakini siku ya kumtoa, watu wamejaa, mama yake analia kwa furaha, mimi nikasimama nikainua kikopo. Nikasema, "Mnaona uso huu? Ni hii." Wakanunua boksi zima jioni ile.

Nikajiambia sikumdhuru mtu. Nilisema tu.

Haukupita muda akanijia Bi Siwatu, mama yake Mwanaidi. Alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana, tulinyonyeshana watoto. Wewe umenyonya ziwa la Siwatu nilipokuwa na homa. Akasema, "Mwanangu naye mpake ile, na umzidishie, mchumba yuko njiani." Ningefanyaje? Niseme ile niliyoinua mbele ya watu sikuitumia? Ningechekwa toka Mbuchi mpaka Ikwiriri. Basi nikampaka.

Nilimpaka Mwanaidi asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza uso ukalainika, nikashangaa, nikasema kumbe Bwana Sampuli ni mkweli. Wiki zilizofuata akaanza kusema unawasha. Nikamwambia vumilia. Nikamsugua juu yake kwa liwa, maana ndo desturi. Akilia, nilimwambia hayo machozi atayahitaji kwa mumewe. Mungu wangu, nikikumbuka ulimi wangu ule.

Tukamtoa saa sita mchana, jua limesimama, ngoma inalia, wanawake wa vijiji vitatu wapo. Nikaifunua khanga. Vigelegele vikapigwa, maana kweli alikuwa mweupe. Halafu jasho likaanza kumtoka. Akaninong'oneza, "Somo, naungua." Nikamwambia, "Nyamaza, mwali hasemi." Akanyamaza. Zuhura, yule mtoto alinyamaza kwa sababu nilimwambia, na mimi nikamwona mashavu yanavyovimba na kumeta, na ngoma nikaiacha iendelee. Alipochoka akaushika upindo wa khanga akafuta uso, na ngozi ya shavu ikaja na khanga.

Sijawahi kusikia ngoma ikikatika vile. Alipiga kelele akaanguka, akajikwaruza kwa kucha, na kila alipogusa pakachubuka. Mjomba wake alimfunga mikono kwa kilemba asijitoboe macho, lakini jicho moja lilikuwa limekwisha kuharibika. Wakamwingiza kwenye mtumbwi kumpeleka hospitali ya Mchukwi, anapiga mateke mpaka mtumbwi ukaingia maji. Nikataka kupanda. Siwatu akanitazama tu. Nikabaki kwenye tope.

Walirudi kunifuata siku ya tatu, asubuhi. Nilikuwa uani natwanga mpunga. Siwatu na kaka zake wawili. Sikukimbia, nilidhani wamekuja kunipa habari za mtoto. Kaka mmoja akanikaba shingo kwa nyuma, mwingine akanishika mikono yote miwili. Siwatu akaniuliza, "Ulimpaka kwa mkono upi?" Nikamjibu. Sijui kwa nini nilimjibu, ila nilimjibu kweli. Wakauingiza mkono wangu wa kulia kinuni, juu ya mpunga wangu mwenyewe, na Siwatu akaunyanyua mchi.

Alitwanga mara tatu. Ya kwanza nilipiga ukelele. Ya pili nilisikia mifupa. Ya tatu yeye ndiye aliyepiga ukelele, akautupa mchi, akakaa chini, akanishika kichwa changu akakilaza mapajani mwake, tukalia wote wawili kama tumefiwa. Kaka zake wakasimama hawajui watazame wapi.

Na wewe ulikuwa mlangoni. Nimekaa miaka yote hii naomba uwe umesahau. Lakini kila nikikutuma utwange, unatafuta sababu, na jirani wakianza kutwanga asubuhi unatoka nyumbani hata hujanawa uso. Nimekuita mvivu. Nimekuita mvivu mbele ya wageni, nikasema huyu ataolewa na nani asiyejua mchi. Nilijua si uvivu. Hilo nalo nisamehe.

Baba yako alirudi shambani akakuta damu, akachukua panga. Alikuwa mpole, lakini siku ile walimkamata wanaume sita, na mmoja alibaki na kovu begani. Balozi akatuweka chini pande zote. Akasema wakiingia polisi hapa watafungwa wa huku na wa kule, watoto watabaki na nani? Basi tukaapishana. Wao hawatasema nani alimpaka Mwanaidi. Sisi hatutasema nani aliniponda mkono. Mtu akiuliza, ni mamba, mto wetu umejaa mamba, nani atabisha? Wote tukaona tumeamuliwa vizuri.

Zuhura, nilipoteza vidole viwili, na vitatu vilivyobaki unavijua, havikunji. Nilistahili au sikustahili, hilo tuliache. Ninalokuandikia ni kiapo kile.

Pale Mchukwi nilipokuwa nikifungwa kidonda, muuguzi aliutazama mkono akaniuliza, "Huyu mamba wenu anatwanga?" Nikamwambia afunge tu kidonda. Mwanaidi alikuwa amekwisha kuhamishiwa hospitali ya mjini, lakini wodi ile ile kulikuwa na wasichana wawili wamefungwa bandeji uso mzima. Hawakuwa wa Mbuchi. Walitoka vijiji ambavyo sijawahi kukanyaga. Nikamuuliza mmoja yamempata nini. Akanijibu kwa tundu la bandeji, "Krimu, mama. Somo wangu alisema kungwi wa Mbuchi kaitumia kwa wari wake wote, ni salama." Hakujua anaongea na nani. Nikamwambia pole.

Siku ya pili akaja bwana afya wa wilaya na kikopo mkononi. Akatuambia humu mna zebaki, na nyingine wanachanganya dawa ambazo hata daktari haandiki bila kupima. Akauliza nani anajua inakotoka. Kila mtu akainamia shuka lake. Akakasirika, akasema, "Aliyeiingiza ana kesi. Aliyeiuza ana kesi. Na huyo anayepita kuwaambia watoto wa watu kwamba ni salama, hajui ndani mna nini, na kapewa chake pembeni, mnadhani sheria itampita?" Mimi niko kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Nilikuwa namjua Bwana Sampuli kwa sura, nalijua boti analokuja nalo na siku anayokuja. Ningefungua mdomo tu. Nikakumbuka kiapo, nikakumbuka panga la baba yako, nikakumbuka pia aibu yangu, na hii ya mwisho ndiyo iliyonikaba kuliko zote. Nikasema mimi nimeliwa na mamba.

Bwana Sampuli alizunguka mwaka mzima baada ya hapo. Sijui ni wasichana wangapi, na kutojua huko ndiko kunakoniamsha.

Ndo maana tulihamia Kibiti, na ndo maana hukuniona hata siku moja nikimchezesha mwali. Redio niliitumbukiza mtoni ikiwa inalia.

Sasa vikopo vyako. Kimoja nimekichukua, usikitafute. Nimekigeuza pande zote. Kuna picha ya mwanamke anacheka, kuna maneno ya kigeni, na mahali pa kuandika kilichomo pamekwanguliwa. Harufu ni ile ile, au pua yangu inaogopa. Sijui kama ni yenyewe. Inawezekana ni mafuta tu hayana neno. Lakini na wewe hujui, na umekubali kusema "mimi natumia". Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo, si penginepo. Kusifia kitu kwa malipo si haramu, muuza vitumbua naye anasifia vyake na kila mtu anajua anauza. Simama juu ya gari useme, "Mimi nimelipwa na watu hawa nije niwasemee", halafu usome karatasi yao. Anayetaka anunue. Sikia watakavyokataa. Watakwambia vile vile alivyoniambia yule wa kwenye kigoda: watadhani umenunuliwa.

Najua ukikataa maneno yao watakushusha hata hujavuka mto. Najua kazi hii umeihangaikia, na mwenzio yupo anaisubiri nafasi. Sikukatazi. Nilikuwa na mikono ya kukukataza, jana nikaitumia vibaya, imekwisha.

Ila leo asubuhi nilipokuaga nakwenda kliniki, sikwenda. Nilipanda basi mpaka Ndundu. Mwanaidi yuko pale, anakaanga samaki njia ya darajani, tangu zama za kivuko. Siku hizi magari hayasimami kama zamani, lakini kang'ang'ania. Nilikuwa sijamwona toka siku ya mtumbwi. Upande mmoja wa uso umekuwa mweusi na kukunjamana, jicho lile limeziba, na anatazama mtu kwa kugeuza kichwa chote. Hakuolewa. Siwatu alifariki, hata hilo sikuambiwa.

Nilijua atanimwagia mafuta ya moto, na wallahi nisingekwepa. Hakunimwagia. Alinitazama mkono, akanivutia kigoda, akasema, "Shikamoo, somo." Nikaanza kulia kama mwehu, wateja wanatutazama. Nikamweleza habari zako, gari, vikopo, kila kitu. Aligeuza samaki wote kwanza. Halafu akasema, "Gari si litasimama hapa kabla ya kuvuka? Basi asiende kuwaambia wa huko ng'ambo. Aanze na mimi. Aje na kipaza sauti chake asimame hapa mbele, anitazame, aniambie kwamba yeye anatumia na ni salama. Akiweza, nitanunua."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza langu.

Kwa hiyo kesho nitakusindikiza stendi, utanipa shikamoo nami nitakupa marahaba, mbele ya shangazi yako na watu wote. Barua hii itakuwa kwenye mkoba wako chini ya fulana, nami nitakunong'oneza uisome mkipita Ikwiriri. Nikishakuaga, mimi nitapanda basi liwatangulie, maana gari lenu litasimama njiani kutangaza. Mkifika Ndundu utaona umati umetoka kusikiliza muziki. Mstari wa mbele kabisa atakuwa Mwanaidi, kaitoa khanga kichwani. Pembeni yake nitasimama mimi, na mkono wangu nitauweka nje, na mtu akiniuliza mamba gani, nitamjibu.

Mama yako